Mvua isiyomlowesha mtu: hali ya hewa inavyofanya kazi ndani ya gemu

Swali: "Shikamoo kaka. Niko chuo mwaka wa pili hapa Morogoro. Natengeneza gemu ya simu ya dereva wa bodaboda anayebeba abiria mjini. Nimeweka mvua, matone yanaonekana vizuri na sauti yake ipo. Lakini wenzangu wakicheza wanasema inyeshe isinyeshe ni yaleyale. Mmoja kasema inamsumbua macho, akaniomba niweke kitufe cha kuizima. Kwenye gemu kubwa naona mvua inabadilisha mchezo mzima. Wanafanyaje? Nianzie wapi?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa hapo ulipofika. Gemu yenye mji, pikipiki na abiria, iliyojengwa na mtu mmoja, si kazi ndogo.

Huyo mwenzako aliyeomba kitufe cha kuzimia mvua amekusaidia kuliko wote waliokusifia. Amekwambia kwa mkato kwamba mvua yako ikizimwa hakuna kinachopungua kwenye mchezo. Hali ya hewa huwa sehemu ya mchezo pale inapomlazimisha mchezaji abadili uamuzi ambao alikwisha kuufanya. Alikuwa apite njia ya mkato, sasa anasita. Alikuwa ameshika upinde wa moto, sasa anauweka. Alitaka kutoka asubuhi, sasa anangoja. Mvua inayoyaacha maamuzi yote mahali pake ni pazia, hata iwe imechorwa vizuri namna gani.

Tuingie kwanza ndani ya injini, yaani programu inayoiendesha gemu. Wewe unaona matone, lakini gemu yenyewe haiyatambui. Kwake mvua ni namba, mara nyingi kati ya 0 na 1: sifuri ni kukavu, moja ni mvua ya kumwaga. Namba hiyo inakaa mahali pamoja, na kila sehemu ya gemu inakuja kuichungulia kisha inafanya lake. Sehemu inayochora skrini inaipaka lami weusi zaidi na kuipa mng'ao. Sehemu ya sauti inapandisha mvumo wa mabati. Sehemu ya fizikia inapunguza msuguano kati ya tairi na barabara. Sehemu inayoendesha akili za wahusika inapunguza umbali ambao mtu anaweza kuona au kusikia. Kwa maelezo yako, namba yako imefika kwa mchoraji na kwa fundi wa sauti, ikaishia hapo. Pikipiki yako haijapata habari kwamba kunanyesha. Abiria wako nao hawajui.

Kuhusu matone sitakaa sana, maana naona umeyaweza, ila nikuulize jambo moja: unayamwaga mji mzima? Mimi kwenye gemu yangu ya kwanza niliyamwaga ramani nzima, na simu ya bei ya chini niliyokuwa nikijaribia ilipata moto mkononi ndani ya dakika tano, picha zikawa zinakwamakwama. Gemu karibu zote zinatumia ujanja mmoja. Kuna kisanduku cha matone kinachotembea na kamera, mita chache tu kumzunguka mchezaji, na tone likitoka chini linarudishwa juu kuanguka upya. Mvua inamfuata mtu, na mtaa wa pili haunyeshi kabisa. Ili matone yasipenye paa, gemu hupiga "picha" ya vimo ikitazama kutoka angani: kila sehemu inaandikwa kitu cha juu kabisa kiko kimo gani. Tone likiwa chini ya kimo hicho maana yake liko ndani ya nyumba au chini ya mti, halichorwi. Picha hiyohiyo ya vimo itakufaa baadaye kujua abiria gani amejikinga na nani analowa, kwa hiyo itengeneze vizuri mara moja.

Sasa tazama gemu iliyolifanya jambo hili kwa undani kuliko zote ninazozifahamu: The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya Nintendo, iliyotoka Machi 2017. Humo mchezaji anaweza kupanda karibu ukuta wowote na mlima wowote, mradi nguvu zake zisiishe. Kuna duara la kijani linalopungua kadiri anavyopanda. Mvua ikianza, mikono inateleza. Anapanda hatua chache, anashuka kidogo, anapanda tena, na duara linazidi kuisha. Hapo mpango wote wa safari umeharibika, na mchezaji anaanza kuwaza: nikae chini ya jabali ningoje, nitafute njia ya kuzunguka, au nijitose na duara langu nusu?

Kama mvua ingeishia hapo ingekuwa kero tupu. Lakini tazama inavyogusa kila kitu kingine. Moto wa kuotea unazimika. Mshale wa moto unapoteza moto wake, na mshale wa bomu unageuka mshale wa kawaida. Nyasi haziungui, kwa hiyo ule ujanja wa kuchoma majani ili joto lake likupaishe juu ukiwa na mwavuli wa kuelea haufanyi kazi tena. Upande wa pili, mvua inafunika mlio wa nyayo, hivyo kumnyemelea adui kunakuwa rahisi. Umeme unapata nguvu zaidi penye maji. Kijiji cha maadui ambacho juzi ulikivamia kwa moto, leo kwenye mvua unakiingia kimyakimya kutoka nyuma. Mlango mmoja umefungwa, mwingine umefunguka, na mchezaji ndiye anayeutafuta.

Radi yake nitakusimulia kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna somo zima la haki kwa mchezaji. Ngurumo ikianza, radi hufuata chuma. Ukiwa umebeba upanga wa chuma au ngao ya chuma mgongoni, unaanza kuona cheche ndogo zinaruka juu yake, kisha zinaongezeka na mlio wake unapanda. Una sekunde kadhaa. Ukifungua begi ukavua chuma na kushika rungu la mti, radi inakuacha. Ukizubaa, inakupiga. Lakini mchezaji aliyeielewa kanuni hafungui begi ili kujiokoa tu: anakirusha kile chuma chenye cheche katikati ya maadui, anakimbia, radi inawapiga wao. Si lazima mtu amfundishe. Kanuni ni moja kwa wote, radi haichagui mchezaji wala adui, na mwenye kichwa anaigeuza silaha.

Hayo yote hayakuandikwa moja moja. Mwaka huohuo wa 2017, kwenye mkutano wa watengenezaji gemu, GDC, kule San Francisco, wakuu wa mradi huo walieleza kwamba pembeni ya injini ya fizikia walijenga kitu walichokiita injini ya kemia. Kanuni zake ni tatu. Nguvu za asili, kama moto, maji na umeme, zinaweza kubadilisha hali ya vitu: moto unachoma mti. Nguvu hizo zinaweza pia kubadilishana zenyewe kwa zenyewe: maji yanazima moto. Lakini kitu hakiwezi kubadilisha hali ya kitu kingine: gogo likigonga gogo, magogo yanabaki magogo. Basi. Mvua ikaingizwa kama maji yanayoshuka kila mahali kwa pamoja, na mengine yote yakajitokeza yenyewe. Kwako wewe faida ni hii: usiandike "mvua ikinyesha, jiko la mama ntilie lizimike" kisha "mvua ikinyesha, moto wa takataka uzimike". Andika mara moja kwamba maji yanazima moto usiofunikwa, halafu ongeza majiko mengi utakavyo.

Hata hivyo, wachezaji wengi waliilalamikia sana ile mvua ya kuteleza ukutani, na walikuwa na haki. Ilikuwa inakukuta katikati ya mlima mrefu, na wakati mwingine hakukuwa na la maana la kufanya zaidi ya kukaa na kungoja. Kungoja si uamuzi. Angalia basi walichokifanya kwenye gemu iliyofuata, Tears of the Kingdom ya Mei 2023. Mvua hawakuitoa. Waliweka dawa ya kunywa inayopunguza utelezi, na mavazi ya chura ambayo ukiyapata yote na kuyaboresha unapanda ukuta uliolowa kama mkavu. Mvua ikabaki na makali yake, ila mtu akapewa kitu cha kuifanyia kazi mapema. Ukisikia mchezaji analalamikia mvua yako, kabla ya kuidhoofisha jiulize umempa jibu gani mkononi.

Nikupeleke kwenye magari sasa, maana pikipiki yako iko huko. Kwenye Gran Turismo 7, ya Machi 2022, kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: kunyesha na kulowa ni namba mbili tofauti. Mvua inaweza kuwa imekatika angani, lakini barabara bado ina maji. Dereva anaonyeshwa kipimo cha unyevu wa njia, chenye alama za kumwambia ukifika hapa tairi za mvua nyepesi ndizo zinazofaa, ukifika pale tairi za mvua kubwa. Ana pia rada inayomwonyesha mvua iko wapi na inaelekea wapi. Mvua ikikatika, mstari ambao magari yanaupita sana unakauka kwanza, pembeni pakibaki na maji. Hapo ndipo mbio zinakuwa tamu. Ukiingia kuweka tairi za njia kavu mapema mno, unateleza kwenye sehemu zilizobaki na maji. Ukichelewa, wenzako waliokwisha kuziweka wanakuacha. Uamuzi wenyewe ni wa mizunguko miwili mitatu tu, na ndio unaoamua nani anashinda. Wanaofuatilia Formula 1 wanalijua hilo vizuri: rangi ya kijani kwenye tairi za mvua nyepesi, buluu kwenye za mvua kubwa, na timu nzima inatazama anga.

Kwa hiyo tenganisha. Weka namba moja ya mvua inayoshuka na nyingine ya unyevu wa barabara. Kila sekunde, unyevu unapanda kidogo kulingana na mvua, na unashuka kidogo kulingana na jua, upepo na magari yanayopita. Lami inakauka haraka, barabara ya vumbi inachukua muda, na kwenye mfinyanzi matope yanakaa hadi kesho. Pikipiki isome unyevu, isisome mvua. Halafu ongeza kitu ambacho kila dereva wa boda anakijua kwa goti lake: lami huwa mbaya zaidi dakika za mwanzo za mvua, hasa baada ya siku nyingi za ukavu, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyomwagika yanachanganyika na maji machache na kufanya utelezi. Mvua ikiendelea, yanasafishwa na barabara inapata nafuu kidogo. Ukiliweka hilo, utakuwa na kitu ambacho hata gemu nyingi za fedha nyingi hazina, na dereva halisi wa Msamvu hapo Morogoro akicheza atajua kuwa aliyeitengeneza anaijua barabara.

Zipo njia nyingine kabisa za kuitumia hali ya hewa, na nazitaja ili usidhani utelezi ndio kila kitu. Kwenye Pokémon, gemu za kupambanisha viumbe kwa zamu, tangu matoleo ya Gold na Silver ya mwaka 1999, mvua ni hesabu tupu: inakaa raundi tano, mapigo ya maji yanazidishwa mara 1.5, ya moto yanakatwa nusu. Pigo la Thunder, ambalo kwa kawaida linafika mara 70 kati ya 100, kwenye mvua halikosi kamwe, na kwenye jua kali linashuka hadi 50. Tena mvua hiyo unaileta wewe mwenyewe, na mpinzani anaweza kuifuta kwa kuleta jua lake. Kuna viumbe waliokuwa wakiingia uwanjani wanaleta mvua isiyokatika hadi mtu aibadilishe. Ilipofika mwaka 2013, kwenye matoleo ya X na Y, mvua yao nayo ikawekewa ukomo wa raundi tano. Hali ya hewa isiyo na mwisho huacha kuwa tukio ikawa sheria ya nchi, na kila mtu analazimika kujenga kikosi chake kuizunguka.

Stardew Valley ya 2016 nakusihi uicheze, maana iliundwa na mtu mmoja, Eric Barone, kama wewe. Ni gemu ya kilimo. Kila siku mchezaji anamwagilia mazao, na kazi hiyo inakula nguvu na muda wa asubuhi. Siku ya mvua mazao yanajimwagilia. Tazama uzuri wake: mvua haijamwadhibu mtu, imempa asubuhi nzima ya bure. Aende mgodini? Aende mtoni, kwa kuwa kambare anapatikana siku za mvua? Na kwa sababu televisheni ya nyumbani inatoa utabiri wa kesho, mtu analala akiwa na mpango. Radi nayo inaweza kuharibu zao, lakini ukiwa umesimika mtego wa radi inakutengenezea betri. Hakuna picha ya kifahari hapo, ni matone ya mistari midogo tu, na bado mvua ya gemu hiyo watu wanaikumbuka.

Death Stranding, ya mwaka 2019, inamhusu mbeba mizigo anayetembea kwa miguu, na mvua ya dunia yake inazeesha kila inachokigusa. Makasha ya mizigo mgongoni yanaliwa na kutu mbele ya macho yako, kwa hiyo paa dogo tu njiani linakuwa mali. Wewe nawe una mbebaji. Fikiria abiria mwenye kifurushi cha karatasi, au mama mwenye mfuko wa unga wa kilo 25 kwenye mapaja.

Hata ukungu, ambao wengi wanauona kama rangi ya kijivu tu, una historia ya kuheshimika. Silent Hill ya mwaka 1999 ilitengenezwa kwa PlayStation ya kwanza, mashine ambayo haikuwa na nguvu ya kuchora mtaa mrefu. Ukungu uliwekwa kuficha kwamba mbele hakuna kitu. Lakini watengenezaji wakampa mchezaji redio ndogo inayokoroma zimwi likiwa karibu, na hapo udhaifu wa mashine ukageuka hofu: unasikia kabla ya kuona, na hujui limekaa upande gani. Simu za wachezaji wako nyingi zitakuwa dhaifu. Unakaa chini ya Uluguru, asubuhi unaona mlima ulivyofunikwa. Asubuhi ya ukungu kwenye gemu yako itapunguza kazi ya simu, na itamfanya dereva asikilize honi ya lori kabla halijatokea.

Swali lako la kuanzia wapi ni pamoja na lini mvua inyeshe. Usiiachie bahati nasibu tupu. Minecraft inatumia saa: kiangazi chake kinachukua muda wowote kati ya dakika 10 na 150, kisha inakuja mvua ya kati ya dakika 10 na 20, na jangwani hainyeshi kabisa. Inatosha kwa gemu ambayo mtu anakaa ndani saa nyingi. Yako ni ya simu, mtu anacheza akiwa kwenye foleni ya benki, dakika saba nane. Ukimwekea mvua ya dakika 20 hatoiona ikikatika, na wengine hawataiona ikianza. Kwa hiyo hesabu zako zianze na urefu wa mchezo mmoja: ndani ya safari mbili tatu hali ibadilike angalau mara moja.

Namna ya kuibadili ni kutengeneza jedwali la hali chache: jua, mawingu, manyunyu, mvua kubwa, na baada ya mvua. Kwa kila hali andika inaweza kwenda wapi na kwa uwezekano gani. Kutoka jua unaweza kubaki jua au kwenda mawingu. Kutoka mawingu unaweza kurudi jua au kwenda manyunyu. Usiruhusu hata siku moja kuruka kutoka jua hadi mvua kubwa. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mtengeneza gemu hiyo ni kanuni ya kazi: mchezaji akipigwa na kitu ambacho hakuonywa, anailaumu gemu, akipigwa na kitu alichoonywa akapuuza, anajilaumu mwenyewe na anaanza tena. Onyo lako liwe kwenye dunia yenyewe. Upepo unainua vumbi na mifuko ya plastiki, wauza nguo za mtumba wanafunika kwa turubai, wanafunzi wanakimbia. Kisha baada ya wiki kadhaa za kucheza, mtu atakuwa anasoma turubai bila kuambiwa. Misimu nayo inabadilisha uwezekano tu, jedwali linabaki lilelile: masika mawingu yanaelekea zaidi manyunyu, kiangazi yanarudi jua.

Kuna watu watakushauri uchukue hali ya hewa halisi kutoka mtandaoni. Microsoft Flight Simulator ya Agosti 2020 inafanya hivyo kwa takwimu za kampuni ya Meteoblue ya Uswisi, na mwezi huohuo kimbunga Laura kilipokaribia Marekani, watu waliingia na ndege zao kukitazama. Kwa gemu ya urubani inafaa, kwa sababu rubani anataka Nairobi iwe Nairobi, na mawingu yake yawe ya leo. Wewe usiende huko. Ukavu wa Agosti ukishika Morogoro, mchezaji wako atakaa wiki nyingi bila kuiona hiyo mvua uliyohangaika nayo, tena atatumia bando lake bure.

Turudi kwenye bodaboda yako. Chukua karatasi, upande mmoja andika mvua inaondoa nini, upande wa pili inaleta nini, na usiguse kompyuta hadi pande zote mbili ziwe na kitu. Ningeanza hivi. Inaondoa mshiko wa tairi: jaribu kuushusha kutoka 1.0 hadi 0.6 unyevu ukijaa, kisha rekebisha kwa mkono, namba hizo ni za kuanzia tu. Inaongeza urefu wa kusimama ukifunga breki. Inafunga njia za vumbi polepole. Inaleta nini? Abiria wanajazana kwenye baraza za maduka, wote wanataka kuondoka, madereva wengine wamejikinga, na nauli inapanda. Weka abiria upande wa pili wa korongo, nauli mara mbili. Kuna njia ya lami ya kuzunguka na kuna kichochoro cha udongo. Mvua imeanza dakika mbili zilizopita. Je, kichochoro bado kinapitika? Hapo umempata mchezaji, ameacha kutazama matone, anatazama barabara.

Na jambo moja ninalolipenda kuliko yote, ambalo kwa gemu ya mji wenye mashimo haliwezi kukosa: dimbwi linaficha shimo. Weka mashimo kumi ya kudumu mjini, yasibadilike mahali. Siku kavu yanaonekana na yanakwepeka kirahisi. Mvua ikinyesha, yote yanajaa maji na yanafanana na madimbwi mengine yasiyo na madhara. Anayeufahamu mtaa wake atapita katikati ya maji bila kupunguza mwendo. Mgeni ataangusha abiria. Hakuna msimbo mgumu hapo, ni picha ya maji juu ya shimo pale unyevu unapopita kiwango fulani, na tayari umempa thamani mtu aliyecheza siku nyingi. Kwenye mpira tuliwahi kuonja kitu cha jamii hiyo: Pro Evolution Soccer 2016 ilipoleta mvua inayoanza katikati ya mechi, aliyezoea uwanja uliolowa alijua pasi ya chini sasa inakimbia zaidi, mwenzake akawa anaipigia mbali.

Kuhusu kitufe alichokuomba rafiki yako, kiweke. Watu wengine macho yao hayavumilii mistari inayocheza mbele ya skrini, na wengine simu zao hazina nguvu. Lakini kipunguze matone na mmweko wa radi tu. Unyevu, utelezi, madimbwi na nauli visiguswe. Ukimaliza, mpe simu yuleyule aliyelalamika, akae, wewe nyamaza. Usimwelekeze chochote. Mwangalie kidole chake cha breki pale wauza mtumba wanapoanza kufunika nguo, kabla tone la kwanza halijaanguka.